Limiti ya Chini

Kuna kidude pale, upande wa kushoto wa presi,
kimeshikwa na skrubu mbili kwenye nguzo.
Kina mkono mfupi, na mwisho wa mkono
kigurudumu cha ukubwa wa shilingi hamsini.
Ukipita haraka utadhani ni kitasa kilichosahauliwa.

Kichwa cha presi kinashuka na tani zake,
mkonge unalia, unatoa pumzi ya shambani,
unakuwa robota,
na kigurudumu kinaguswa: ta.
Ta, na kichwa kinasimama.
Ta, na Mwanakombo anapitisha waya, anafunga.
Mara hamsini kwa zamu, na neno lake ni moja,
lile ambalo sisi tunalisema bila kulimaanisha:
basi.

Fundi Semkiwa hakunifundisha kwa mchoro.
Alinipa koleo, akanionyesha waya, akasema, kata.
Nikakata. Mashine ikazima palepale,
kichwa kikiwa bado juu, hakijagusa kitu.
"Umeona? Umeme ukipita, kinasema endeleeni.
Kikinyamaza, kwa panya, kwa kutu, kwa maji ya korona,
kimya chake hatukihesabu kuwa ridhaa.
Huku kwetu, binti, kukosa habari ni habari."

Na kule kwenye mkanda wa brashi kuna sensa,
jicho la njano, haigusi wala haiguswi,
inawaka chuma kikiisogelea upana wa kucha.
Siku moja nikaiwekea kiganja:
giza.
Nikageuza mkono, bangili ya mama ikapita:
ikawaka.
Usiku ule, nyumbani Chumbageni, sikulala vizuri.
Inaijua bangili. Haiujui mkono.

Halafu ule mwezi wa tisa, meli bandarini Tanga,
msimamizi akitaka marobota mia nne kabla ya Ijumaa,
limiti ikaanza kigugumizi.
Vumbi la mkonge lilikuwa limeijaa shingoni,
ikawa inasema basi kabla ya basi,
robota linatoka bichi, limevimba tumbo.
Spea ilikuwa Dar, inasubiri sahihi ya mtu aliye safarini.

Asubuhi mkono wake ulikutwa umevutwa pembeni,
umefungwa kwa kamba ya mkonge,
daraja la kwanza, mweupe kama mvi,
kwa fundo la kufungia mbuzi.
Daftari la matengenezo halikuwa na jina.
Fundo lile nalijua. Ni letu, la Muheza.
Ni langu.

Hilo lilikuwa robota la mia mbili na kumi na saba.
Kichwa kilishuka, kikapita mahali pa basi,
kikaendelea, kama mtu anayeendelea kuongea
wageni wakiwa wameshaondoka.
Sahani ikapinda. Bolti ikaruka, ikatoboa bati la paa,
mwanga ukaingia kwa tundu hilo
ukamwangukia Mwanakombo, mkono hewani,
waya bado vidoleni, shibiri moja kutoka kwenye chuma.
Alikuwa amegeuka kupiga chafya.
Vumbi lilelile.

Semkiwa hakunifokea.
Aliikunja ile kamba, akanitia mfukoni mwa ovaroli,
kisha akaandika daftarini kwa penseli:
*Limiti ya chini imesafishwa. Imesogezwa milimita nne. Inafanya kazi.*
Akafunga daftari. Akaenda kunywa chai.
Afadhali angenipiga.

Tundu bado lipo, hakuna aliyepanda kuliziba.
Saa tatu asubuhi duara la jua linatembea sakafuni,
linapanda nguzo, linaigusa limiti,
nayo haisemi kitu. Mwanga hauna uzito.
Mimi nafika kabla ya zamu, kabla ya Mwanakombo
kujifunga kanga yake kiunoni,
naibonyeza kwa kidole.
Ta.
Naibonyeza tena.